Usafi wa nyumba bila kulichafua ziwa: mwongozo kamili kwa wakazi wa Mwanza

Maji ya Ziwa Victoria ni laini. Ukilijua hilo kabla hujaingia dukani, umeshaokoa pesa, maana wauzaji wa sabuni hawatakuambia. Maji laini ni yale yenye madini machache ya kalisi na magnesi, kwa hiyo sabuni ya mche inatoa povu upesi na haiachi utando mweupe kwenye beseni. Sabuni nyingi za unga hutengenezwa ziweze kufanya kazi hata kwenye maji magumu, ndiyo sababu baadhi huongezewa fosfati na viungo vingine vya kulainisha maji. Ukiwa Kirumba, Igogo au Mabatini na maji yako ni ya bomba, unalipia kazi ambayo ziwa limeshaifanya bure.

Hiyo fosfati ikifika ziwani inakuwa mbolea. Inalisha mwani unaoyafanya maji ya ukingoni yawe ya kijani, na inalisha magugu maji, ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 yamekuwa yakiziba mialo na kunasa nyavu. Sabuni si mkosaji peke yake, tena si mkubwa kuliko wote: yapo maji ya vyooni, mbolea za mashambani, udongo unaosombwa na mvua, hata moshi na vumbi vinavyoanguka juu ya maji. Lakini shamba la mtu wa Magu huna mamlaka nalo. Beseni lako unalo.

Mwongozo huu unaanzia kwenye maji, unapita dukani na jikoni, unaishia kwenye kupika sabuni mwenyewe kwa atakayetaka. Asiyetaka kupika sabuni asijisikie vibaya. Hatua mbili za mwanzo peke yake zina faida kuliko mapishi yote yanayofuata.

Hatua ya 1: Pima maji, kisha punguza sabuni

Chukua chupa ya maji ya nusu lita iliyo wazi, ijaze hadi nusu. Kwangua sabuni ya mche kidogo tu, tia ndani, funga, tikisa kwa nguvu. Povu likijaa na maji ya chini yakabaki maangavu, maji yako ni laini. Povu likiwa hafifu na maji yakawa na ukungu na utando juu yake, ni magumu. Usipime kwa sabuni ya unga wala ya maji, kwa sababu hizo hutoa povu kila mahali na hutajua kitu.

Maji ya bomba na ya mvua yatafaulu. Wenye visima, hasa virefu, wapime kila mtu cha kwake, maana visima hutofautiana hata vikiwa mtaa mmoja. Kikiwa kigumu, weka maji ya mvua kwa ajili ya kufulia na ya kisima kwa ajili ya kudeki.

Baada ya hapo tumia nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko wa sabuni. Nguo zikitoka safi, punguza tena safari inayofuata. Endelea hivyo mpaka ufike mahali uchafu unaanza kubaki, halafu rudi hatua moja nyuma. Hapo ndipo kipimo chako. Watu wengi huongeza sabuni mpaka beseni lijae povu, wakati povu halisafishi. Linaongeza kazi ya kusuuza tu. Kwa aliyepanga juu ya mawe kule Mabatini na anapandisha ndoo kwa mkono, kusuuza mara moja pungufu ni ndoo ambayo hakuipandisha.

Hatua ya 2: Jua maji machafu yako yanaishia wapi

Toka uani uyafuate. Yakiingia kwenye bomba la majitaka, yanakwenda kutibiwa. Yakiingia shimoni, yanazama taratibu na udongo unayachuja kiasi. Yakiingia kwenye mfereji wa mtaa, hakuna anayeyachuja: mifereji mingi ya katikati ya jiji inaingia Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani. Mitambo ya maji ya Capri Point na Butimba inavuta maji kutoka ziwa hilohilo.

Kwa hiyo mwenye mfereji ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi, halafu mwenye shimo, halafu mwenye bomba la majitaka. Ukiwa na bajeti ya kubadilisha kitu kimoja tu, anza na kile kinachoishia kwenye mfereji, ambacho kwa nyumba nyingi ni maji ya kufulia.

Na wale wanaofulia ziwani kwenyewe? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kufua nguo hakufanani na kujenga hoteli, lakini hizo mita 60 ni kipimo kizuri cha kujiwekea: chota maji, panda nayo juu, fua huko, mwaga kwenye udongo wenye majani. Ipo sababu nyingine inayokuhusu wewe kabla ya kulihusu ziwa. Kichocho kimejaa kandokando ya ziwa letu, na vijidudu vyake huingia mwilini kwa kupenya ngozi. Anayesimama majini hadi magotini kwa saa nzima akifua anavikaribisha. Maji yaliyochotwa na kukaa kwenye ndoo iliyofunikwa siku mbili hayana hatari hiyo, maana vijidudu hivyo havidumu bila kumpata mtu.

Hatua ya 3: Nunua vitu vichache

Uchafu wa nyumbani una tabia nne. Mafuta huondolewa na magadi na sabuni. Kutu, chokaa na harufu ya samaki huondolewa na kitu kikali cha uchachu: ndimu, limau, siki, ukwaju. Ukoko ulioganda huondolewa kwa kusugua. Vijidudu vya magonjwa huuawa na moto, jua au klorini. Ukilielewa hilo huhitaji chupa kumi zenye picha za maua.

Mimi ningenunua hivi: sabuni ya mche, magadi ya sokoni (yale tunayolainishia makande na maharage), ndimu au siki nyeupe, chumvi, na chupa moja ndogo ya jiki ya kukaa juu kabatini. Majivu yanatoka jikoni. Dodoki linaota kwenye ua: likikauka limenye, kung'uta mbegu, kata vipande. Linasugua vizuri kuliko sponji za plastiki, na likichoka linatupwa shambani likaoza. Mbegu zake panda tena.

Bakingi soda ni nzuri ila ni ghali kwa kazi ambayo magadi yanaifanya. Tena usiichanganye na bakingi pauda. Ile ina asidi ndani yake tayari na haisafishi chochote.

Hapa niseme jambo linaloniudhi kidogo. Yale mapishi ya mitandaoni ya kuchanganya siki na bakingi soda kwenye chupa moja, yanachemka, yanatoa mapovu, watu wanashangilia. Moja ni asidi na nyingine ni kinyume chake, kwa hiyo zinamalizana. Ukimaliza kutazama mapovu umebaki na maji yenye chumvichumvi. Vilevile siki ndani ya sabuni ya mche iliyoyeyushwa huivunja sabuni ikawa mabonge ya mafuta. Tumia kimoja, suuza, ndipo utumie kingine.

Ukiwa dukani

Geuza pakiti usome upande wa viungo, kwa sababu picha ya jani mbele haina maana yoyote. Tafuta iliyoandikwa kwamba haina fosfati. Kama haikuandikwa kitu, chukua sabuni ya mche: hiyo kwa kawaida haina fosfati. Angalia alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na tarehe. Chukua isiyo na harufu kali kama nyumbani kuna mwenye pumu au mtoto mchanga.

Halafu kuna vipakiti. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vile vipakiti vya sabuni ya unga vya kutumia mara moja bado vimetapakaa mitaroni. Mche mmoja ukakatwa vipande nyumbani unamaliza haja ya vipakiti vingi na hauachi takataka. Ukikata vipande, viache vikauke juani siku chache kabla ya kutumia. Sabuni kavu haiyeyuki ovyo.

Sabuni ya maji ya kupima

Mwanza imejaa wajasiriamali wanaouza sabuni ya maji kwenye madumu. Ni kazi ya heshima, lakini tuwe wakweli: kutengenezwa nyumbani hakuifanyi sabuni kuwa laini kwa ngozi wala kwa ziwa. Nyingi zinatokana na asidi ya sulfoniki, slesi (kiungo cha kutoa povu), soda, chumvi, rangi na manukato, yaani viungo vilevile vya kiwandani vilivyokorogwa uani. Wengine huongeza formalini isiharibike, na formalini ni sumu isiyostahili kuwa mikononi mwa anayeosha vyombo kila siku.

Muulize muuzaji maswali mawili. La kwanza, unaweka nini isiharibike? Akisema formalini, mshukuru uondoke. La pili, unapimaje ukali wake? Sulfoniki ni asidi na lazima izimishwe kwa soda. Ikizidi moja, mikono itababuka. Anayejua kazi atakuonyesha karatasi za kupimia. Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, chemsha choya, au rozela kama wengi wanavyoiita, upate juisi nyekundu iliyokolea bila sukari. Tia matone machache ya juisi hiyo kwenye kijiko cha sabuni isiyo na rangi. Ikibaki nyekundu ya kung'aa, sabuni ina asidi iliyozidi. Ikigeuka kijani, soda imezidi. Ikiwa zambarau, ni ya wastani, nunua.

Jikoni kwa wala samaki

Hapa ndipo Mwanza inapotofautiana na Dodoma. Nyumba inayopitisha sato, sangara na dagaa kila wiki ina shida yake ya harufu, na dawa nyingi za manukato huifunika tu kwa saa moja.

Harufu ya samaki inatokana na kitu chenye asili ya magadi, kinachoruka hewani kirahisi. Asidi inakigeuza kuwa chumvi isiyoruka, na harufu inakatika palepale. Kwa hiyo magadi na sabuni peke yake kwenye ubao wa samaki vinapigana upande usio sahihi. Fuata mpangilio huu.

Kwanza kwangua magamba na utelezi, uvitie kwenye ndoo ya taka. Visiingie kwenye bomba la sinki, magamba yakishikana na mafuta huziba. Osha ubao, kisu na sinki kwa maji ya baridi. Watu hukimbilia maji ya moto, nayo huigandisha damu na ule utelezi kwenye nyuzi za mbao, halafu hautoki tena. Baada ya maji ya baridi, sugua kwa sabuni na dodoki, suuza. Ndipo ukate ndimu, uichovye kwenye chumvi, usugue ubao wote kwa nusu ya ndimu hiyo huku ukiikamua. Acha dakika 10. Suuza, simamisha ubao juani. Mikono nayo ni hivyohivyo: sabuni kwanza, ndimu baadaye. Ukitumia siki, kijiko kimoja cha chakula kwenye kikombe cha maji kinatosha.

Kama ubao huohuo unakatia kachumbari, ndimu haitoshi, maana kuondoa harufu na kuua vijidudu ni kazi mbili. Mwagie maji yanayochemka baada ya kuuosha, au bora zaidi uwe na ubao wa samaki peke yake.

Mafuta ya kukaangia hayamwagwi kwenye sinki wala mfereji. Yachuje, uyatunze kwenye chupa. Yakiwa mengi yanatengeneza sabuni, kama tutakavyoona. Kabla ya kuosha kikaangio, kifute kwa gazeti au majani makavu, utatumia sabuni kidogo mno.

Ukuta wa karibu na jiko ukishika mafuta na moshi, changanya vijiko 2 vya chakula vya magadi kwenye lita moja ya maji ya moto, koroga, acha mchanga wa magadi utulie chini, chovya kitambaa kwenye maji ya juu. Vaa glavu, magadi hukausha ngozi. Paka, subiri dakika 5, futa, suuza kwa kitambaa chenye maji safi.

Friji linalonuka dagaa: toa vitu vyote, futa kwa maji ya siki nusu kwa nusu, kisha weka kisahani cha mkaa mkavu rafu ya chini. Badilisha mkaa kila mwezi.

Sufuria

Magadi usiyapeleke kwenye sufuria ya aluminiamu. Yanaila na kuifanya nyeusi. Majivu pia yana asili hiyohiyo, kwa hiyo yanafaa kusugulia haraka na kusuuza, ila usiloweke usiku kucha. Chekecha majivu kwanza; jiwe moja dogo linatosha kuichora sufuria yote.

Sufuria ikishakuwa nyeusi ndani, chemsha maji pamoja na maganda ya limau au kipande cha ukwaju kwa dakika 15. Weusi unatoka bila kusugua. Bibi zetu walilijua hili bila kusoma kemia, na mimi bado napendelea ukwaju kuliko stilwaya. Ukoko wa ugali hauhitaji kitu chochote zaidi ya maji na subira ya saa mbili.

Sakafu, vioo, kuta

Sakafu ya saruji na ya terazo isiguswe na siki wala ndimu. Asidi inakula saruji na zile chembe za marumaru, na ung'avu hauwezi kurudi bila fundi. Deki kwa maji ya sabuni ya mche: kwangua gramu 100 hivi, yeyusha kwenye lita 2 za maji ya moto, acha ipoe iwe nzito. Kikombe kimoja cha mchanganyiko huo kwenye ndoo ya lita 10 kinatosha nyumba nzima. Tengeneza ya wiki moja au mbili tu, haina kitu cha kuizuia isiharibike. Ukitaka harufu, chemsha mchaichai kwenye maji hayo kabla ya kutia sabuni.

Vigae vinaweza kupewa maji ya siki, ila usilowanishe saruji ya katikati. Vioo: siki nusu, maji nusu, futa kwa gazeti. Zile siku ambazo mawingu ya vijidudu vya ziwani huja kujazana kwenye kuta na taa, fagia vikavu kwanza kwa ufagio laini. Ukifuta kwa maji vitasagika na kuacha madoa ya mafuta.

Nguo

Loweka usiku, sugua asubuhi. Nguo nyeupe zipake sabuni ya mche uzianike zikiwa na povu lake juu ya mawe au majani kwa saa moja au mbili, zinyunyizie maji zisikauke, ndipo usuuze. Jua la Mwanza linang'arisha kuliko kemikali nyingi na bili yake hailetwi. Doa la kutu kwenye nguo nyeupe: ndimu na chumvi, juani, suuza. Usifanye hivyo kwa nguo ya rangi.

Damu, iwe ya samaki au ya mtu, ni maji ya baridi tu. Doa la mafuta ya mawese lipakwe sabuni kavu ya mche kabla halijaguswa na maji.

Choo

Choo cha shimo kinapenda majivu. Kopo moja baada ya matumizi hupunguza harufu na nzi. Usimwage jiki wala asidi ndani yake, wala ndani ya tangi la majitaka, kwa wingi: bakteria wanaoozesha kinyesi watakufa, na shimo litajaa mapema. Choo cha kukalia au cha kuchuchumaa chenye madoa ya manjano, mwagia siki usiku, sugua asubuhi. Ile asidi inayouzwa kwenye chupa zisizo na lebo iache hukohuko ilikotoka.

Jiki: lini na kiasi gani

Wapo wanaosema nyumba inayojali mazingira haipaswi kuwa na jiki. Sikubaliani nao. Mkoa wetu umeshapigwa na kipindupindu, na kipindupindu hakitulizwi na ndimu. Mtu akiharisha au kutapika ndani, klorini ndiyo kazi yake. Siku nyingine chupa ikae imefungwa.

Soma lebo ujue nguvu yake. Jiki ya asilimia 3.5: kwa sakafu, choo na sehemu zilizochafuliwa na mgonjwa, changanya kikombe 1 cha jiki na vikombe 6 vya maji. Hiyo inakupa asilimia 0.5. Ondoa uchafu kwanza, mwagia, acha dakika 10, suuza. Kwa nguo za mgonjwa, chukua kikombe 1 cha mchanganyiko huo uongeze vikombe 9 vya maji, uloweke dakika 10 kisha ufue. Kama jiki yako ni ya asilimia 5, anza na kikombe 1 kwa vikombe 9 vya maji. Changanya ya siku hiyo tu, ifunike, iweke kivulini. Mwanga na joto huiua.

Na haya usiyasahau hata usiku wa manane: jiki haichanganywi na siki, ndimu wala dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Haimwagwi juu ya mkojo pia. Suuza choo kwa maji mengi kwanza. Fungua madirisha. Na isiwekwe kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, hata kwa dakika tano, hata ukiwa na haraka. Watoto hawasomi.

Kupika sabuni yako ya mche

Hii ni kwa mwenye uangalifu na nafasi ya wazi. Kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, inaunguza ngozi na kupofusha macho, kwa hiyo watoto na kuku wawe mbali. Vaa glavu, miwani na nguo za mikono mirefu. Weka ndoo ya maji safi karibu. Ikikurukia, suuza kwa maji mengi dakika 15 hadi 20, na ikiingia machoni suuza hivyohivyo kisha nenda hospitali.

Vipimo vya mche wa mawese: mafuta ya mawese kilo 1, kostiki gramu 134, maji ya mvua au ya bomba gramu 330. Pima kila kitu kwa mizani ya gramu, hata maji na mafuta. Kukadiria kwa kikombe ndiko kunakotoa sabuni za kuunguza. Ukibadilisha mafuta, kostiki nayo inabadilika: alizeti kilo 1 inataka gramu 127, mafuta ya pamba gramu 131. Alizeti peke yake hutoa sabuni laini sana, ichanganye na mawese.

Vyombo viwe vya plastiki ngumu, chuma kisichoshika kutu au udongo. Sufuria ya aluminiamu hapana kabisa. Kostiki inaila na kutoa gesi inayoshika moto.

Weka maji kwenye ndoo, halafu tia kostiki kidogokidogo ndani ya maji ukikoroga kwa mti. Kamwe usimwage maji juu ya kostiki, italipuka usoni. Mchanganyiko utapata moto mkali na kutoa mvuke. Simama upande upepo unakotokea. Acha upoe hadi ndoo ishikike kwa nje bila kuunguza. Yeyusha mawese yawe ya vuguvugu hivyohivyo.

Mimina maji ya kostiki kwenye mafuta taratibu, ukikoroga upande mmoja. Kwa mkono inaweza kuchukua nusu saa hadi saa moja, kwa hiyo tafuta mtu wa kupokezana naye. Itaanza kuwa nzito. Inua mti, acha tone lidondoke: likiacha alama juu badala ya kuzama, iko tayari. Mimina kwenye boksi la mbao lililotandikwa nailoni, funika kwa blanketi. Baada ya siku moja au mbili, ukiwa bado na glavu, itoe na uikate.

Ukiikata ukaona vijishimo vyenye maji yanayotoka au chembe nyeupe ngumu, kostiki haikushikana sawasawa, usiitumie. Ikiwa imelingana, panga vipande kwenye rafu yenye hewa, kivulini, wiki 4 hadi 6. Usiharakishe, muda huo ndio unaoikomaza na kuipunguzia maji. Sabuni ya mawese mekundu inatoka ya machungwa na inaweza kuacha rangi kwenye nguo nyeupe, kwa hiyo ianzie kwenye vyombo na sakafu.

Mafuta yaliyokaangia samaki yanafaa kwa kanuni ileile. Yachemshe pamoja na maji na chumvi, acha yapoe, engua mafuta ya juu, chuja. Harufu haitoki yote. Sabuni hiyo ni ya kudekia uani, usimpe mgeni anawie mikono.

Maji uliyokwisha kutumia

Maji ya mwisho ya kusuuzia nguo ndiyo ya kwanza ya kulowekea nguo chafu, halafu yanadeki, halafu yanamwagwa chooni. Ukiwa na migomba uani, maji ya sabuni ya mche yanaifaa, mradi uhamishe mahali pa kumwagia kila siku ili udongo usigande. Usimwagie mchicha unaoliwa majani. Maji yenye magadi yaende shimoni, kwa sababu magadi yakizidi huharibu udongo. Maji yenye jiki yaache kwenye ndoo wazi juani siku nzima, mahali mtoto hafiki, kisha yatie shimoni nayo.